Mwanga Mmoja Chekeleni

Iko nchi moja, wala haiko mbali na hapa, ambayo jina lake lilipelekwa kwenye kamati ili lifupishwe, na mpaka leo halijarudi. Wenyewe wanaiita nchi yetu, majirani wanaiita kule kwao, na mambo yanaendelea.

Nchi hiyo ilipigwa na dhoruba. Dhoruba yenyewe ilikuja bila kibali. Watabiri wa hali ya hewa walikuwa wametangaza jua na upepo mwanana, kwa sababu siku hiyo Chama kilikuwa kinatimiza umri, na isingekuwa adabu kutangaza kitu kingine. Basi upepo ulipoanza kung'oa mabati, watu wenye nidhamu walikaa ndani wakajifanya hawausikii. Ulipotulia, nguzo za umeme zilikuwa zimelala kando ya barabara kutoka pwani hadi milimani, kama askari waliopewa ruhusa ya kupumzika wakasahauliwa.

Shirika la Umeme likakaa kungoja malalamiko. Zamani umeme ukikatika watu walipiga simu, wakatukana, wakakata. Safari hii hakupiga mtu, kwa kuwa simu za nchi nzima zilikuwa zimeisha chaji. Shirika lilingoja wiki nzima kimya kile kivunjike. Kisha likatoa tamko la kuwashukuru wananchi kwa kuridhika kwao.

Hapo ndipo nchi moja rafiki ilipoleta zawadi. Nchi hiyo ilikuwa na setilaiti, yaani chombo kinachozunguka juu kabisa ya dunia na kupiga picha ya taa zetu usiku. Ukichukua picha ya kabla ya dhoruba, ukailinganisha na ya baada, mahali palipokuwa na taa na sasa hapana, hapo ndipo umeme ulipokatika. Jambo lenyewe ni jepesi, mtoto wa darasa la tatu angelielewa. Kwa hiyo liliundiwa wizara.

Iliitwa Wizara ya Giza, na waziri wake alikuwa Mheshimiwa Nguzombili. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kupiga marufuku maneno "umeme umekatika", kwa sababu yanawatia watu hofu. Kuanzia siku hiyo mtumishi yeyote wa serikali alitakiwa kusema "mwanga wa usiku" tu. Kazi yake ya pili ilikuwa kuchagua picha ya kabla. Zilikuwepo picha nyingi, na nyingi zilikuwa na vidoa vidoa vya taa vilivyoichosha macho kamati. Wajumbe wakaipenda moja iliyokuwa safi kabisa, nyeusi tii kutoka mpaka hadi mpaka. Hakuna aliyekumbuka kwamba ilipigwa usiku wa mgao, umeme ulipozimwa nchi nzima ili mitambo ipumzike.

Haya yote Mkiwa hakuyajua. Mkiwa alikuwa na jambo moja tu kifuani, na jambo hilo lilikuwa na uzito wa nazi iliyofuliwa.

Alijifungua kabla ya wakati, wiki ileile ya dhoruba, katika kata ya Chekeleni. Mtoto alikuwa njiti, kama wanavyoitwa watoto wa namna hiyo, mwekundu, ngozi imemzidi ukubwa. Zahanati ya Chekeleni ilikuwa na kijichumba cha watoto kama yeye. Ndani yake mlikuwa na kitanda kidogo na taa ya joto, na mtoto akilazwa chini yake alikuwa anapata moto kama kifaranga chini ya mama yake. Wengi walipona pale.

"Taa ipo," alisema Nesi Tumpe, aliyekuwa mhudumu pekee wa zahanati ile. "Kitanda kipo. Mimi nipo. Umeme ndio haupo. Mbebe kifuani, ngozi kwa ngozi, usimtue hata ukienda chooni. Na chumba chako kiwe cha moto, usione haya kutokwa jasho. Umeme ukirudi, usifunge hata kilemba, mlete mbio. Akilala siku chache chini ya hii taa, huyu ni mtu."

"Asipolala?"

Nesi Tumpe akaitandua kanga ya kitandani, akaikung'uta, akaitandika tena vilevile.

Mume wa Mkiwa, Hemedi, alikuwa mji mkuu, kibarua wa kuchimba mashimo ya nguzo, mahali ambapo nguzo hazikuanguka. Kwa hiyo nyumbani walikuwa Mkiwa na mama mkwe wake, Bi Somoe, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya watu watatu. Dhoruba ilikuwa imeuangusha mkorosho mkubwa uani kwao, ukalipitia jiko pembeni bila kuligusa. Hakuna aliyekuwa na msumeno wa kulipasua gogo lile. Bi Somoe akaliwasha upande mmoja, likaungua taratibu kama sigara ya jitu, mchana na usiku. Humo walichoma mawe, wakayafunga kwenye vitambaa, wakayapanga kumzunguka mtoto mgongoni mwake.

"Tangu nizaliwe," Bi Somoe alisema akigeuza jiwe kwa koleo, "njiti ndiyo inayowasha moto. Hii ya kwetu tunaiwasha sisi."

"Mama, usimcheke."

"Simcheki, namzoesha. Akikaa nyumba hii atachekwa sana."

Mkiwa akacheka kidogo, kwa uangalifu, asimtikise.

Siku gari la matangazo lilipopita kuita mkutano, Mkiwa alikuwa wa kwanza kufika uwanjani, mtoto kifuani ndani ya kanga mbili. Alisikia wanataka kujua habari za umeme, basi. Hakuhitaji kusikia zaidi.

Mgeni alikuwa kijana nadhifu, Bwana Lumuliko, Mtaalamu Mwandamizi wa Giza. Alikuwa na kishikwambi mkononi, na mtu wa kumshikia mwavuli ili kishikwambi kisipigwe na jua. Kando yake alikaa Mtendaji wa Kata, Bwana Kombe, mtu mwema aliyekuwa na mazoea ya kukubali sentensi kabla haijaisha.

"Chekeleni oyee!"

"Oyee."

"Serikali yenu sikivu imepata jicho huko angani. Jicho hili halilali. Usiku kucha linatafuta mwanga!"

Watu wakatazamana. Akina mama wakavuta watoto wao karibu.

Sasa, pale Chekeleni, kama ilivyo kwingi, neno mwanga lina wenyewe wawili. Upo mwanga wa taa, ule unaotuonyesha njia. Na yupo mwanga mwingine, mtu wa usiku, anayevua nguo na kucheza makaburini ili kuwaroga wenzake. Kata jirani ya Mtakuja ilikuwa imewasema Chekeleni kwa miaka mingi kwamba kwao wamejaa wanga. Wasichana walikosa wachumba kwa neno hilo. Timu yao ya mpira ilinyang'anywa kombe kwa neno hilo. Kwa hiyo Bwana Lumuliko alipolitamka bila hata kushusha sauti, uwanja mzima ulisimama nywele.

"Nimetumwa kuuliza swali moja tu," aliendelea. "Nijibuni kwa ukweli. Chekeleni mna mwanga?"

"Hatuna!" uwanja ukajibu kwa mshindo.

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja! Lete msahafu!"

"Lete na biblia!" wengine wakasema.

Bwana Lumuliko alifurahi. Kata nyingine watu walimzungusha kwa maneno mengi. Akagusa kishikwambi. "Vizuri sana. Na kabla ya dhoruba, mlikuwa nao?"

Hapo pakachafuka. Mzee mmoja akanyanyua fimbo. "Kijana, umetoka kwenu asubuhi yote hii kuja kututukana? Hatujawahi kuwa nao! Baba zetu hawakuwa nao! Nenda Mtakuja ukatafute, huko utawabeba kwa gunia!"

"Hawajawahi kuwa nao," Bwana Lumuliko akasema taratibu huku akiandika, "kwa ushahidi wa wananchi wenyewe. Asanteni kwa uwazi."

Mkiwa alikuwa ameelewa tangu swali la kwanza, na moyo ulikuwa unamdunda mpaka akaogopa utamwamsha mtoto. Kata ambayo haijawahi kuwa na mwanga haikupoteza kitu. Isiyopoteza kitu hairudishiwi kitu. Hakuwa mtu wa kusema mbele za watu. Hata kwenye harusi yake shangazi ndiye aliyemjibia. Lakini akasimama, akapaza sauti kadiri alivyoweza.

"Si kweli! Zahanati kulikuwa na mwanga! Kila usiku, sote tunajua!"

Mzee akaishusha fimbo. Kisha vichwa vikaanza kugeuka, kimoja kimoja, kumwelekea Nesi Tumpe aliyekuwa amesimama pembeni na koti lake jeupe. Mgeni kutoka bara. Anakaa peke yake. Hana mume. Anashinda na maiti na vichanga. Kumbe!

"Nasema taa," Mkiwa akasema. "Taa." Lakini sauti ilikuwa imekwisha, na wala hakuna aliyekuwa anamsikiliza tena.

"Mama," Bwana Lumuliko akamwambia kwa upole, "wenzako wote wamesema hawajawahi. Unataka wewe mmoja uharibu takwimu?"

Nesi Tumpe hakungoja jua lizame. Alipita kwa Mkiwa na begi lake begani, lori la mkaa likimsubiri barabarani na injini inawaka.

"Dada Tumpe, sikukusudia. Wallahi nilisema taa."

"Najua ulisema taa. Nilikuwepo, nina masikio." Aligusa shavu la mtoto kwa mgongo wa kidole, akakunja uso kidogo, akaukunjua haraka. "Lakini mimi kwetu mbali, Mkiwa, na neno hili likishamwangukia mtu huku halioshwi. Nitasubiri liniitie vijana wenye mafuta ya taa? Chukua ufunguo wa kile chumba. Taa ni ya kuchomeka tu, haina ufundi. Umeme ukija usingoje mtu."

Bi Somoe, aliyekuwa anachochea gogo, hakugeuka. "Haya nenda, mwanga wetu," alisema. "Ukifika kwenu utuangazie."

Nesi Tumpe alicheka huku analia, akapanda lori.

Picha zikatoka. Mheshimiwa Nguzombili alizitangaza redioni kwa furaha kubwa. Nchi ilikuwa nyeusi kabla ya dhoruba, na nyeusi baada ya dhoruba, kwa hiyo dhoruba haikukata umeme popote, na wanaosema vinginevyo wanatumiwa. Tena kulikuwa na habari njema zaidi. Katika kata moja, Chekeleni, ambayo wananchi wake walikiri hawajawahi kuwa na mwanga, jicho la angani lilikuwa limeona doa moja linalong'aa. Dhoruba ilikuwa imewaletea.

Kwa kuwa redio za Chekeleni hazikuwa na betri, habari ilifika kwa kinywa cha Mtendaji Kombe, aliyesimama juu ya tofali sokoni na kusema kama alivyoelekezwa: "Ndugu wananchi, jicho limeona mwanga mmoja. Uko upande wa makaburini, karibu na zahanati."

Watu hawakungoja amalize. Upande wa makaburini, karibu na zahanati, kulikuwa na nyumba moja tu.

Mkiwa aliwaona wanakuja mchana ule, wanaume mbele na fimbo, wanawake nyuma, vumbi likiwatangulia. Akamfunika mtoto kichwa. Bi Somoe akakaa juu ya kinu, akapanga miguu.

"Karibuni. Mbona mmejaa hivyo, kuna mtu kafa?"

"Bi Somoe, tunatafuta mwanga," akasema yule mzee wa fimbo. "Serikali imemwona kutoka juu."

"Basi mmefika, ndiye mimi. Jana nilikwenda Mtakuja na kurudi juu ya ungo. Mgongo unaniuma, upepo ulikuwa wa kisulisuli. Wewe mwenyewe nilikupitia, ulikuwa unakoroma, mkeo kahamia sebuleni."

Wanawake wa nyuma wakacheka kabla hawajajizuia, na mke wa mzee akacheka kuliko wote. Mtendaji Kombe akajipenyeza mbele akihema. Ndiye aliyeliona gogo. Akalitazama, akatazama juu mbinguni, akalitazama tena.

"Jamani," akasema, "hebu subirini. Mwanga wenyewe si huu hapa?"

Ikawachukua muda. Kisha kicheko kikapanda, kikubwa, cha watu waliokuwa wanaogopa. Walipigana mabega. Walimpa Bi Somoe pole. Mtu mmoja akasema Nesi wa watu, masikini, tumemkimbiza bure, na kicheko kikapungua.

Mtendaji Kombe alikuwa wa kwanza kuacha kucheka. "Lakini sasa angalieni. Kama gogo hili ndilo wanaloliona, huko Wizarani wanadhani tuna umeme. Likiendelea kuwaka, hawaji. Likizimwa, jicho likipita litaona giza, nami nitapeleka habari kwamba tulikuwa na mwanga mmoja, nao umepotea. Huo ni upotevu halali kabisa. Hawana pa kukwepea."

"Lizimwe!" watu wakasema.

"Na mtoto?" Mkiwa akauliza.

Vichwa vikamgeukia. Walikuwa wamesahau kwamba chini ya zile kanga kulikuwa na mtu.

"Usiku mmoja tu, Mkiwa," Mtendaji akasema, akisugua mikono. "Fikiri mwenyewe. Gogo lenyewe limebaki kipande. Likiisha, utachoma nini? Kuni zote zimelowa. Ni usiku mmoja bila moto, au miezi bila umeme."

Mkiwa alifikiri. Alikuwa amelifikiri gogo lile kila siku, likifupika. Ndipo mke wa yule mzee, mwanamke mnene aliyeitwa Mama Zuhura, akapita mbele akitikisa kanga yake.

"Mimi mwili wangu ni tanuri. Mume wangu huyu halali, kila siku ananiambia nisogee. Nitakuja nilale hapa."

"Na mimi nakuja," akasema mwingine. "Na wangu anayenyonya nakuja naye, wapeane joto."

"Chumba kimoja kitatutosha?"

"Kisipotosha ndiyo vizuri, tutabanana."

Mkiwa akamtazama mama mkwe wake. Bi Somoe akainua mabega, macho kwenye moto. "Mimi ni mwanga," alisema. "Msiniulize mambo ya mchana."

Wakalizima gogo. Ilihitaji ndoo nyingi, na lilipiga kelele kama mnyama. Usiku ule wanawake wa Chekeleni walijazana kwenye chumba cha Mkiwa mpaka kuta zikatoa jasho, wakapokezana njiti kifua kwa kifua, wakasemana, wakacheka, wakalala wamekaa. Asubuhi mtoto alikuwa hai. Tena alinyonya, akavuta kwa nguvu mpaka Mkiwa akasema "aah", na chumba kizima kikashangilia kana kwamba wamefunga bao.

Ni kweli kwamba usiku ule ule mawingu yalikuja yakatanda, na juu yake mwezi ulikuwa mpevu, unayang'arisha. Chini ilikuwa giza, huoni kidole chako. Lakini setilaiti haikai chini.

Bwana Lumuliko alirudi na kishikwambi chake, amevaa tai.

"Hongereni," alimwambia Mtendaji Kombe. "Tazama. Kata nzima, nyeupe pee! Juzi doa, leo kata nzima. Hata mji mkuu haung'ai hivi."

Mtendaji alikisogeza kishikwambi karibu na macho. "Bwana Mtaalamu, hili si wingu?"

"Mawingu yako chini ya Wizara ya Hali ya Hewa. Sisi wa Giza hatuna mamlaka nayo. Tukianza kuona mawingu tutakuwa tumeingilia kazi za watu." Akashusha sauti. "Mheshimiwa anakuja mwenyewe. Atasherehekea nanyi. Tengenezeni barabara."

"Sawa," akasema Mtendaji Kombe, kabla sentensi haijaisha.

Kisha mvua ikanyesha, siku baada ya siku, ile ya baridi isiyo na haraka. Gogo lilikuwa limelowa mpaka moyoni. Bi Somoe alilichochea, akalipulizia, akalimwagia mafuta ya kupikia, akalitukana, halikushika. Akavunja mlango wa jiko akachoma. Akachoma kinu. Wanawake waliendelea kuja, lakini wachache, kwa kuwa nao wana watoto, na mchana waliitwa kufanya mazoezi ya nyimbo za kumpokea Mheshimiwa. Mama Zuhura hakukosa hata siku moja. Mtoto alianza kunyonya kidogo, kisha kulamba tu, kisha kulala chuchu mdomoni. Miguu yake ilipoa kwanza. Mkiwa aliiweka mdomoni mwake akaipumulia.

Siku ya sherehe mvua iliacha. Uwanjani palisimamishwa hema, na nyuma ya hema, juu ya lori, palikuwa na jenereta.

Mkiwa aliisikia kutoka nyumbani. Aliisikia kabla ya ngoma, kabla ya nyimbo. Hakufunga kilemba. Alifungua kile chumba cha zahanati kwa ufunguo wa Nesi Tumpe, akaichukua taa ya joto mkono mmoja, mkono mwingine umeshikilia kifua, akaenda, na Bi Somoe nyuma yake anakimbia peku.

Jenereta ilikuwa inaendesha spika nne, friji ya soda, feni ya Mheshimiwa, na kamba ndefu ya taa za rangi zinazowaka na kuzima katika jua la saa sita mchana. Fundi wa mitambo alikuwa kijana mwenye mafuta usoni. Alimwangalia Mkiwa, akaiangalia taa, akaliangalia lile fundo kifuani.

"Dada, tundu hili hapa, liko wazi," alisema. "Kwangu mimi chomeka hata sasa. Ila nikifukuzwa nina watoto. Muulize yule mwenye tai."

Bwana Lumuliko alimsikiliza kwa heshima, akitikisa kichwa.

"Mama, hebu tufikiri pamoja. Sherehe hii ni ya nini? Ni kwa sababu mna umeme. Sasa mbele ya Mheshimiwa, mbele ya wapiga picha, uchomeke taa kwenye jenereta. Si watu watauliza kwa nini hukuchomeka nyumbani?"

"Nyumbani hakuna umeme, baba."

"Picha inasema upo."

"Basi nionyeshe tundu kwenye picha, nichomeke hapo."

Bwana Lumuliko alikifungua kishikwambi, akaitazama ile picha kwa makini, akakifunga. "Baada ya hotuba," alisema. "Hotuba ni fupi. Tena afadhali umekuja, tulikuwa tunatafuta mnufaika. Kaa pale mbele, na hiyo taa yako uishike vizuri, ionekane."

Akaketishwa kiti cha mbele, cha plastiki, taa mapajani. Bi Somoe alikaa chini miguuni pake, akamshika kifundo.

Mheshimiwa Nguzombili alikuwa mtu mpana mwenye sauti nzuri. Aliwasalimu kwa kabila zao zote, na kwa mbili ambazo hazikuwepo.

"Ndugu zangu, wapo wanaosema nchi hii ina giza. Nawauliza: mmeliona? Wanajibu: tumeliona. Mmeliona kwa kutumia nini? Kwa macho! Sasa ndugu zangu, kama lingekuwepo giza la kweli, macho yangeonaje? Giza linaloonekana si giza. Ni mwanga ambao bado haujajitambua!"

Makofi.

"Mimi nimewaona nyinyi kutoka mbinguni. Nani mwingine aliyewahi kuwaona kutoka mbinguni? Wapinzani wanawaangalia kutoka wapi? Kutoka barabarani!"

Makofi, na feni ikageuka ikarudi.

Mkiwa hakusikia. Alikuwa anasikiliza kwa ngozi. Tangu mtoto yule azaliwe alikuwa amezoea ile pumzi katikati ya kifua chake, ndogo kama mtu anayepuliza uji, na hata akiwa usingizini aliihesabu bila kujua. Alingoja. Alidhani ni mtikisiko wa spika unaomzuia kuisikia. Akakaza mkono. Akangoja tena. Bi Somoe alihisi kifundo kile kimekufa ganzi mkononi mwake, akainua uso, wakatazamana, na mama mkwe ambaye hakuwahi kukosa neno akafungua mdomo na kuufunga.

"Na sasa," Bwana Lumuliko alitangaza, "mmoja wa wanufaika atatoa neno la shukrani kwa niaba ya wenzake. Mama, karibu. Simama, mama, usiogope. Mwambie Mheshimiwa mwanga umekusaidiaje."

Mkiwa alisimama kwa sababu aliambiwa asimame. Taa ikaanguka kutoka mapajani, haikuvunjika. Wakamsogezea kipaza sauti mdomoni.

"Amezimika," alisema.

Bwana Lumuliko alikuja mbio. Alikigonga kipaza sauti kwa kidole, na spika zote nne zikajibu, du, du, du. Akatabasamu.

"Hakijazimika, mama. Kiko vizuri kabisa. Sema tu."

"Amezimika."

Wanawake wa Chekeleni, waliokuwa wameketi chini nyuma ya waheshimiwa, ndio walioisikia ile "a". Mama Zuhura alisimama wa kwanza, akavua kanga ya juu. Wengine wakasimama, mmoja baada ya mwingine, bila kelele, mpaka upande ule wote wa uwanja ukawa umesimama.

Mheshimiwa Nguzombili, alipoona wananchi wameinuka wote, naye akainuka, akawapungia mkono.